TRELA LETU LINAKULA NINI? Hesabu ya dizeli kwa vikundi vyenye trekta

Barua nyingi zinazofika ofisini huwa ni za kuomba mbegu, au kuuliza semina itakuwa lini. Hii moja ilikuwa tofauti. Ilitoka kwa kikundi cha viazi upande wa Molo, ikatiwa sahihi na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na tuliposoma tuliona kikundi kiko karibu kuvunjika.

Kikundi hiki kina trekta kuukuu ya nguvu za farasi 50 na trela ya tani 4. Kazi ya trela ni kutoa viazi mashambani mpaka kwenye lami, kilomita 6, ambapo Canter za wanunuzi huegesha. Mwezi wa Januari trekta ilifanya safari 10 kwa lita 50 hivi za dizeli. Mwezi wa Agosti, safari 10 hizo hizo, barabara hiyo hiyo, dereva yule yule: lita 100. Wanachama wakasema dereva ananyonya mafuta kwa mpira na kuuza. Wakamsimamisha kazi. Wengine wakaanza kumtazama vibaya hata mweka hazina, ati risiti anazitoa wapi. Mwishoni mwa barua wakauliza: "Tuiuze trela, ama tuipeleke mpaka Nakuru tuachane na mabroka kabisa?"

Tulienda kuwaona. Hatukwenda na jibu, tulikwenda na daftari, kalamu na kikombe cha chai. Kikombe kilikuwa ni cha kupimia, kama mtakavyoona.

DIZELI HUENDA WAPI

Watu hudhani trekta hula mafuta kulingana na umbali. Umbali ni sehemu moja tu. Dizeli hulipa mambo matatu: uzito unaosukumwa juu ya udongo, uzito unaopandishwa mlima, na injini yenyewe kujizungusha, hata ikiwa imesimama.

Tuchukue kikombe cha chai cha kawaida, vitano hujaza lita moja. Kipimo chetu ni nusu kikombe. Kwa trekta za kawaida hesabu huja karibu hivi: kupandisha tani moja juu kwa mita 100 hula nusu kikombe cha dizeli. Kuvuta tani moja kwenye lami, nusu kikombe kinakufikisha kilomita 5. Kwenye udongo mkavu uliokanyagika, kilomita 2 na nusu. Kwenye matope, kilomita moja tu.

Hebu rudia hiyo ya mwisho. Kilomita moja ya matope ni sawa na kupanda mlima wa mita 100. Gurudumu likizama kidogo, kila wakati linapanda kutoka kwenye shimo lake lenyewe. Kwa hivyo barabara ya kilomita 6 ambayo mnaiona tambarare, mvua ikinyesha inakuwa mlima wa mita 600. Huo ni mlima kama wa kutoka Nakuru mjini, mita 1,850 hivi juu ya bahari, mpaka Molo penyewe.

Sasa tupige hesabu ya kikundi. Uzito si viazi peke yake. Trekta ni tani 2, trela tupu tani 1, viazi tani 4. Jumla tani 7 kwenda na tani 3 kurudi. Kutoka mashambani mpaka lami kuna kupanda kama mita 100.

Januari, udongo mkavu: kwenda na mzigo lita 1.7, kurudi tupu lita 0.7, na mlima lita 0.7. Jumla lita 3 na kidogo.

Agosti, matope: kwenda lita 4.2, kurudi lita 1.8, mlima lita 0.7. Hiyo ni lita 6.7. Lakini kwenye matope magurudumu huteleza. Ikiwa kwa kila mizunguko mitano mmoja ni wa bure, ongeza, unafika kama lita 8.4 kwa safari.

Hapo mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akainua mkono. "Hata hivyo safari kumi za Januari ni lita thelathini na moja. Sisi tulinunua hamsini. Zile zingine?"

Swali zuri sana. Tukauliza: trekta ikifika shambani, kupakia huchukua muda gani? Saa moja. Na kupakua pale kwenye lami, kungojea broka, kubishana juu ya gunia? Saa nyingine. Na injini? "Huwa inanguruma. Betri ni mbovu, ikizimwa lazima isukumwe."

Basi, trekta ya aina hiyo ikinguruma bila kazi hula kama lita moja kwa saa. Saa mbili kwa safari, safari kumi, ni lita 20. Januari 31 na 20 ni 51. Agosti 84 na 20 ni 104. Dereva hakuwa ameiba. Mwizi alikuwa matope, na mwenzake alikuwa betri ambayo hakuna mtu aliyetaka kuitisha mchango wa kuinunua. Mwaka mzima walikuwa wamelipia betri mara nyingi kwa njia ya moshi.

Kulikuwa kimya pale kanisani kwa muda. Mwenyekiti akaomba tupige ile hesabu tena kutoka mwanzo. Tukapiga.

Tuseme ukweli: hesabu hii haithibitishi kwamba hakuna dereva anayenyonya mafuta. Wapo. Inaonyesha kwamba usimshtaki mtu kabla ya kujua gari lilipaswa kula kiasi gani. Na njia ya kujua si ngumu. Asubuhi jaza tangi mpaka juu kabisa, trekta ikiwa mahali sawa. Fanya kazi. Jioni jaza tena mpaka juu pale pale. Kilichoingia ndicho kilicholiwa. Andika kwenye daftari: tarehe, safari ngapi, magunia mangapi, barabara kavu au matope, lita. Watu wawili watie sahihi, dereva awe mmoja wao. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na kipimo chenu wenyewe, kilicho bora kuliko hiki chetu cha kikombe.

MAGUNIA YANAYODANGANYA

Kabla ya swali la Nakuru kuna jambo la gunia. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Sote tunajua kinachotendeka: gunia linaongezwa kichwa kwa kamba, na broka analipa kama gunia moja. Mkulima anapoteza kwenye bei, hilo limehubiriwa sana. Lakini anapoteza mara ya pili kwenye usafiri. Mkipakia magunia 80 mkidhani ni tani 4, kumbe kila moja lina kilo 90, mmepakia zaidi ya tani 7 kwenye trela ya tani 4. Hapo dizeli si shida kubwa tena. Ni ekseli, ni klachi, ni pini ya kufungia trela. Nunueni mizani ya kuning'iniza, pimeni magunia matano kabla ya kupakia. Mkishafahamu uzito, wekeni mzigo mwingi mbele ya ekseli kidogo ili trela iikalie trekta. Mzigo ukiwa nyuma, trela huinua matako ya trekta, magurudumu yanakosa kushika na mnateleza hata mahali pakavu.

Upepo wa magurudumu pia. Ya trela yasiwe malegevu kwenye lami, kwa sababu gurudumu lililolegea hula mafuta na kupasuka mapema. Lakini ya nyuma ya trekta, kwenye shamba laini, yakipunguzwa kidogo kama kitabu cha trekta kinavyoruhusu hushika vizuri zaidi. Mkirudi barabarani, jazeni tena.

JE, TWENDE NAYO NAKURU?

Hili ndilo lililokuwa linawasha watu moyo. Broka ananunua kwenye lami, anauza mjini kwa bei nyingine kabisa, na sisi tuna trekta yetu. Kwa nini tusiende wenyewe?

Yule mtu wa Luka 14 aliyetaka kujenga mnara aliambiwa aketi kwanza. Tukaketi.

Kutoka huko mpaka sokoni Nakuru ni kama kilomita 50. Bei ya dizeli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika usiku huo. Haikai mahali pamoja. Septemba 2023 ilipita shilingi 200 kwa lita pale Nairobi. Hapa tutumie 170 kwa mfano tu, nawe weka ya mwezi wako. Na tafadhali nunueni kwenye kituo cha mafuta, mpewe risiti. Ile ya mtungi kando ya njia huenda imechanganywa na mafuta taa, na pampu ya injini ikiharibika, ule ubahili wa shilingi kumi utaujutia.

Trekta hutembea kilomita 20 kwa saa ikiwa na mzigo. Kwenda na kurudi ni saa 5 barabarani. Kwa lita 4 kwa saa ni lita 20, yaani shilingi 3,400. Gawanya kwa magunia 80: shilingi 42 na nusu kwa gunia.

Canter yenye mzigo huo huo huenda kilomita 6 hivi kwa lita. Kilomita 100 ni lita 17, shilingi 2,890, yaani 36 kwa gunia. Mnaona tofauti ni ndogo, shilingi sita na kitu. Mtu akiishia hapo atasema, twende!

Lakini dizeli ni sehemu tu ya gharama. Magurudumu ya trekta yenye meno yametengenezwa kwa shamba, kwenye lami huliwa kama sabuni. Klachi, breki, bearingi za trela, bima, vyote vinangoja zamu yao. Kama hamna pesa ya kununua gurudumu siku litakapokwisha, basi mlikuwa mnakula gurudumu kidogo kidogo mkidhani ni faida. Tuseme mnaweka akiba shilingi 400 kwa kila saa ya barabarani. Saa 5 ni 2,000, sawa na shilingi 25 kwa gunia. Dereva na utingo, 1,500 kwa siku nzima, ni kama 19 kwa gunia. Jumla mmefika shilingi 86, na ushuru wa kaunti bado.

Ikiwa mwenye Canter anaitisha shilingi 100 kwa gunia, mmeokoa 14. Mara 80 ni shilingi 1,120, na ushuru haujatolewa. Kwa hizo, trekta imekuwa barabarani na sokoni kutwa. Kama ni wakati wa kulima, na jirani analipa tuseme 3,500 kwa ekari, trekta ingelima ekari nne kwa saa hizo. Ondoa dizeli, ondoa dereva, bado hakuna kulinganisha.

Mkienda na nusu ya mzigo ni mbaya zaidi. Magunia 40 hayapunguzi dizeli kwa nusu, kwa sababu trekta, trela na injini ni vile vile. Labda mtatumia lita 18 badala ya 20. Sasa gunia moja linabeba dizeli ya shilingi 76, akiba ya 50 na mshahara wa 37. Hiyo ni zaidi ya 160. Hapo mnamlipa mwenye soko awaletee hasara.

Kuna njia moja inayobadilisha hesabu, nayo ni kutorudi tupu. Mbolea ya ruzuku, ambayo mwaka wa 2022 iliuzwa shilingi 3,500 kwa gunia na mwaka wa 2023 ikashushwa hadi 2,500, wakulima wengi waliichukua kwenye bohari za NCPB, Nakuru ikiwamo, na nauli ya kuifikisha nyumbani ilikula sehemu ya ile ruzuku. Magunia 40 ya mbolea ni tani 2. Kwa kipimo chetu cha kikombe, kuyapandisha mpaka Molo kunaongeza kama lita 3 tu juu ya safari ambayo mngefanya hata hivyo. Ni kama shilingi 14 kwa gunia. Kwa hiyo kama mnaenda Nakuru, nendeni siku ambayo mbolea iko tayari na majina yenu yamethibitishwa. Pigeni simu kwanza. Tumeona watu wakilala mjini na trela tupu.

MTEREMKO

Kuna jambo ambalo halina hesabu ya shilingi. Viazi kutoka Molo huteremka. Mlima mnaupanda mkirudi, na wakati huo mzigo ni mdogo. Kwa dizeli hiyo ni baraka. Kwa breki sivyo.

Kwenye ile njia ya Mau Summit, Sachangwan mpaka Salgaa, madereva wa malori walizoea kutoa gia na kuacha gari liteleze lenyewe, wakidai wanaokoa mafuta. Misalaba na maua ya plastiki kando ya barabara mmeiona wenyewe. Tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani Junction, mbele kidogo, lori la trela lilipoteza mwelekeo na kuua watu zaidi ya 50, wengi wakiwa wachuuzi na abiria waliosimama tu kando ya barabara. Hatusemi dereva yule alifanya hivi au vile. Tunasema uzito ukianza kukimbia mteremkoni haumwombi mtu ruhusa.

Na huo uokoaji wa mafuta wenyewe ni uongo. Ukiteremka ukiwa kwenye gia, mguu haujakanyaga mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na pampu hukata dizeli, karibu isitumike kabisa. Ukitoa gia, injini inanguruma peke yake na inakula ile lita yake moja kwa saa. Kwa hiyo mwenye gia huru anatumia mafuta zaidi, na amepoteza breki ya injini. Chagueni gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, si katikati. Trela isiyo na breki zake isishuke na tani 4, hata kama broka anapiga simu. Wekeni mnyororo wa pili pale kwenye pini, na vioo vya kuakisi mwanga nyuma. Trela iwe imesajiliwa, na namba yake inayoanza na Z. Na wanachama wasikae juu ya magunia. Tunajua nauli ni ghali, lakini tumezika.

WALIPOFIKIA

Kikundi hakikuuza trela. Walikubaliana kwamba kazi yake ni zile kilomita 6, mahali ambapo Canter haiwezi kuingia mvua ikinyesha na ambapo mwenye punda hutoza kwa safari anavyotaka. Hapo dizeli, hata ya matope, ni kama shilingi 18 kwa gunia, na bila kungurumisha injini. Kwa lami, wanakusanya magunia ya wanachama wote siku moja na kukodi Canter moja ijae, wakauze pamoja mjini. Wamefanya hivyo mara tatu. Mara moja soko lilikuwa baya wakarudi na pesa kidogo kuliko ambazo broka angewapa, na kulikuwa na maneno.

Betri imenunuliwa, kila mwanachama alitoa shilingi 300. Kwenye ile njia yao vijana wamechimba mitaro ya maji sehemu mbili na kumwaga mawe mahali ambapo trekta ilikuwa ikikwama kila mwaka. Ni kama mita 400 tu kati ya kilomita 6, lakini ndizo zilizokuwa mbaya zaidi.

Dereva alirudishwa Oktoba. Alikubali kwa sharti moja, kwamba daftari likae kwake na si kwa mweka hazina, na kila jioni asomewe kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi. Wakabishana juu ya hilo kwa mikutano miwili, kisha wakanunua madaftari mawili.